Yusuf (a.s) alikuwa na baba wa kumsimulia ndoto. Mwanao je?

SIFA zote njema ni za Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, sisi tunaoishi huku Mbweni, Boko na Bunju maisha yetu yanafanana. Baba anatoka baada ya Alfajiri kuwahi foleni ya Barabara ya Bagamoyo, anarejea Isha imeshaswaliwa. Mtoto naye anachukuliwa na basi la shule kiza hakijatoka. Jumapili ipo, lakini ina harusi, hitma na vikao. Tukiulizwa, tunasema tunawahangaikia hao hao watoto. Ni kweli, chakula na ada ni wajibu wetu na vina ujira. Lakini malezi hayalipiwi ada yakaisha.

Nianze na nafsi yangu. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, nasomesha watoto wa wenzangu. Binti yangu wa miaka saba alikuwa akichelewa madrasa. Ustadhi akanilalamikia, nami nikamkaripia zaidi ya mara moja. Siku moja baada ya Alasiri nikamchukua peke yake, simu nikaiacha nyumbani, tukatembea kuelekea ufukweni. Tulipokaribia njia ya mkato akanishika mkono kwa nguvu, akaniomba tuzunguke. Kumbe kuna geti ambalo mbwa hutoka jioni, na kwa miezi miwili mtoto huyu alikuwa akipita njia ya mbali. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu: "Baba, ulikuwa unaniuliza huku unaondoka."

Tuzingatie Surat Yusuf (12:4-5). Nabii Yaaqub (a.s) alikuwa na watoto kumi na wawili, lakini Yusuf alipoota alimpata baba yake, akamsimulia. Baba hakumcheka wala hakumwambia asubiri. Alisikiliza, akatambua uzito wa jambo, akamuonya asiwasimulie ndugu zake. Onyo lile lilipatikana kwa sababu mtoto alisema, na mtoto alisema kwa sababu palikuwa na wa kumsikiliza.

Leo hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa 2011 ulionesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakumwambia mtu. Mtoto ambaye hajazoea kukueleza habari ya mbwa, atakuelezaje habari ya jirani, ndugu au mwalimu aliyemdhuru?

Mtume (s.a.w) alikuwa na umma mzima wa kuushughulikia. Pamoja na hayo, alimpakia kijana Ibn Abbas (r.a) nyuma ya kipando chake, akamfundisha yeye peke yake misingi ya kumtegemea Allah. Alimuuliza Abu Umayr, mtoto mdogo, habari za kindege chake. Kwa hiyo hata safari ni darsa. Mwenye gari azime redio. Wa daladala amuweke mwanawe karibu wazungumze.

Hivyo basi, tuanze wiki hii. Kila mtoto apate zamu yake na baba, na zamu yake na mama, japo nusu saa. Simu iwe mbali. Tuulize kidogo, tusikilize sana, tusigeuze kila neno kuwa hukumu. Na tuwe waadilifu: katika kisa cha Nu'man bin Bashir (r.a), Mtume (s.a.w) alikataa kuishuhudia zawadi aliyopewa mtoto mmoja wenzake wakanyimwa. Muda wetu nao ni zawadi.

Tumuombe Allah (s.w) awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu, na atujaalie tusiwe wageni ndani ya nyumba zetu wenyewe. Amin.