Kumzuru Mzee Bila ya Kumdhuru

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Ama baada ya haya, enyi ndugu zetu wa pwani, wako wazee wanaotunzwa bara, kama katika makazi ya Sukamahela, Manyoni. Kuwazuru ni ibada. Kuwapelekea maradhi ni dhulma.

Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia nchini, ilidhihiri kwamba mtu huweza kuubeba asijione mgonjwa, na waliodhurika zaidi ni wazee. Kipo kipimo cha haraka: hutiwa kijiti puani, na jawabu hupatikana kwa kadiri ya robo saa. Lakini huweza kukosa maradhi machanga. Basi mwenye homa na arejee, ijapokuwa jawabu ni salama.

Asiseme mtu, "Huku ni kutomtegemea Mungu." Sayyidna Umar alirejea njiani kwa khofu ya tauni ya Sham, akajibu kwamba aikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Na Mtume, sala na salamu zimshukie, alikataza ngamia wagonjwa kupelekwa penye wazima. Seuze mzee dhaifu!

Basi maradhi yakienea, apimwe mtumishi, apimwe na mgeni, japo ni mwana. Atakayezuiwa mlangoni apeleke salamu, chakula na dua. Ujira wake haupotei, inshallah.

Wabillahi taufiki.