Mwenye Haki na Paka Shume

Neno: Mithali 12:10



Katika sharika zetu za Kibaha na Kisarawe tumeulizwa neno, nalo si dogo. Paka wasio na mwenyewe wamekuwa wengi. Hulala chini ya meza za wauza samaki, huingia jikoni usiku, hula vifaranga vya wajane. Watu wengine huwawinda kwa mawe na rungu. Wengine hutia sumu katika samaki na kuwatupia. Basi mwinjilisti mmoja alituuliza: "Baba Mchungaji, kumwua paka shume ni dhambi, au si dhambi?"

Tukitafuta jina la paka wa nyumbani katika vitabu 66 vya Biblia, hatulioni. Lakini fungu letu latufundisha kwamba mwenye haki hujulikana hata kwa jinsi anavyouangalia uhai wa mnyama wake. Tena laonya ya kuwa mtu mwovu, hata akidhani ana huruma, ndani yake mna ukali.

Labda utasema: "Paka shume si mnyama wangu." Hapo ndipo neno linapotuchoma sisi wenyewe. Mwaka mmoja paka wa nyumbani kwetu alizaa watoto 5. Hatukutaka kuwaua, wala hatukutaka kuwalisha. Tukawatia kikapuni, tukawachukua jioni mpaka ukingo wa msitu wa Kazimzumbwi, tukawaacha, tukarudi tukijiona watu wa huruma. Leo twakiri ya kuwa ile haikuwa huruma. Mtoto wa paka aachwaye hivyo hufa kwa njaa. Na akipona, hujifunza kuwinda ndege, na sange mwenye pua ndefu, ambao Mungu amewapa msitu ule kuwa makao yao. Basi huyo paka shume tumlaaniye alitoka wapi? Alitoka mlangoni petu.

Je, kuua kumekatazwa kabisa? Hapana. Baada ya gharika Mungu aliwatia wanyama mikononi mwa wanadamu, lakini mikono hiyo nayo imo chini ya Mungu. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 mtu apewa ruhusa kutwaa makinda katika kiota, lakini mama yao hana budi kumwacha aende zake. Naye Yona, alipoukasirikia mji wa Ninawi, Bwana alimkumbusha watu waliomo, na wanyama wao pia.

Kwa hiyo, paka mwenye kichaa, au aliyeumia asiweze kupona, si dhambi kumwua, ikiwa afanyaye ni mjuzi na kifo chenyewe ni cha upesi. Msimshike kwa mikono. Mwiteni bwana mifugo. Na mtu akiumwa au kukwaruzwa naye, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje dalili, maana dalili za kichaa zikiisha kuonekana, ni shida sana mtu kupona.

Lakini kumpiga paka kwa mawe huku watoto wakicheka, au kumchoma moto, ni ukatili. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kuwatesa wanyama. Sumu nayo haichagui: huua mbwa wa jirani na kuku wake, tena yaweza kumwua mtoto aokotaye chakula chini.

Liko na ovu kubwa zaidi. Wako wanaomwua paka mweusi wakisema ametumwa na mchawi. Kisha macho ya watu huigeukia nyumba ya bibi kizee aishiye peke yake. Ndugu zetu, tuogope! Jiwe lililoanza kwa paka laweza kuishia kwa mtu. Sisi tuliobatizwa katika jina la Kristo, mbona tutetemeke kwa ajili ya rangi ya manyoya?

Tena kuua peke yake hakumalizi jambo. Mimba ya paka huchukua majuma 9 hivi, naye aweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Wazee wetu walisema, akiondoka paka, panya hutawala. Tazameni kisiwa cha Macquarie, mali ya Australia, kilicho mbali katika bahari ya kusini. Katika karne ya 19 watu wa merikebu walileta paka na sungura huko. Paka wakawala ndege, ikabidi wauawe, na mwaka 2000 hakusalia hata mmoja. Lakini sungura wakaongezeka sana, wakala majani ya vilima hata udongo ukaporomoka. Nao wakawa kazi nyingine, iliyokwisha mwaka 2014. Walioanza taabu yote ni wanadamu.

Basi tuanze nyumbani. Mwenye paka na amchanje. Dume na ahasiwe, jike na afungwe kizazi kwa mkono wa daktari wa mifugo. Na ikiwa gharama yamshinda mtu mmoja, majirani na wachange. Mabaki ya samaki na yafukiwe, vifaranga na wafungiwe bandani kabla ya jua kuchwa, wala mtoto wa paka asitupwe njiani wala msituni.

Mwinjilisti wetu, jibu letu ndilo hili: kabla ya kuuliza kama yafaa kumwua paka shume, tuulize ni nani aliyemtupa. Na tukijiona kuwa ndisi, tutubu kwanza, ndipo tutajua namna ya kuunyosha mkono bila ukali. Mungu, ambaye shomoro mmoja haanguki asimjue, atupe moyo huo. Amina.