Usiku wa Aliyeacha Pombe

Ndugu wapendwa wa Kilosa na Mikumi, tusimhukumu mwenzetu aliyeacha pombe akituambia kwamba hapati usingizi. Pombe humlaza mtu upesi, lakini huukatiza usingizi wake kabla ya mapambazuko na kuzipunguza ndoto. Basi akiiacha, ndoto humrudia kwa wingi, naye hukesha majuma kadhaa, pengine miezi. Hiyo si laana, wala si sababu ya kurudi kilabuni. Ni mwili unaopona. Lakini katika siku za kwanza akitetemeka sana, akiona yasiyokuwapo, au akishikwa na kifafa, tumpeleke hospitali mara moja. Eliya alipochoka jangwani, Mungu alimwacha alale, akamlisha, ndipo akampa safari. Nasi tumtembelee ndugu huyu jioni, tusali naye, asikeshe peke yake.