Jasho kwa Niaba ya Asiyeweza Kuomba

Kila anayejiandikisha kukimbia marathoni ili kuchangisha pesa za kuokoa wanyama huulizwa swali moja, na mara nyingi anayeuliza ni mtu wa nyumbani kwake: kama unawahurumia hao wanyama, kwa nini usitume pesa tu? Kilomita 42 na mita 195 hazimnyweshi ndama wa tembo maziwa. Magoti yanayouma hayamnasui punda milia kwenye waya wa mtego. Ukijumlisha bei ya viatu, nauli na ada ya kushiriki, huenda ulichokitumia wewe mwenyewe kingetosha kununua dawa za wiki nzima. Anayeuliza hivyo hana roho mbaya. Anataka kujua kama mateso anayojitakia mtu yanaweza kuongeza chochote kwenye wema, na swali hilo linastahili jibu lililofikiriwa.

Kuna mahali ambapo swali hili hukanyagwa kwa miguu. Kwenye hifadhi ya Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, mbio za marathoni zimekuwepo tangu mwaka 2000, zikiandaliwa na hifadhi yenyewe pamoja na shirika la Tusk la Uingereza. Wakimbiaji hupita kwenye barabara za vumbi, katika mwinuko ambao hewa yake humchosha mgeni mapema, ndani ya makazi ya vifaru na simba. Askari wa wanyamapori hupangwa njiani, na helikopta huruka kuwasogeza wanyama mbali na njia. Ardhi hiyo ina historia ya uokoaji. Mapema katika miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Mwaka 1983 Anna Merz, kwa kushirikiana na familia ya Craig iliyomiliki shamba la Lewa, alianzisha pale hifadhi ndogo ya vifaru iliyozungushiwa uzio, na baadaye akamlea kwa mikono yake ndama wa kifaru aliyeachwa na mama yake, akamwita Samia. Merz hakukimbia mbio zozote. Alitumia mali yake na usingizi wake. Basi kati yake na mtu anayekimbia Juni kisha akarudi mjini na medali, jasho la huyu wa pili lina kazi gani?

Jibu la kwanza linatoka kwa wanasaikolojia. Mwaka 2013 Christopher Olivola na Eldar Shafir walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu huwa tayari kutoa zaidi pale mchango unapoambatana na uchungu na juhudi, kama mbio za maili tano, kuliko pale unapoambatana na starehe, kama mandari. Tena hali hiyo huwa na nguvu zaidi pale jambo linalochangiwa lenyewe linapohusu mateso. Nakubali kwamba ndivyo tulivyo. Lakini jibu hili linaeleza jinsi mifuko inavyofunguka, halielezi kama ni sawa ifunguke hivyo. Hata mwongo hodari anajua kufungua mifuko.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye dini zetu, nami siwezi kulipita haraka. Qurani inaisifu sadaka ya dhahiri, kisha inasema ile ya siri inayowafikia mafukara ni bora zaidi. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anawakataza wanafunzi wake kupiga panda mbele yao wanapotoa. Riya, yaani kutenda wema ili uonekane, ni kitu kinachokula wema kutoka ndani. Sasa mtazame mkimbiaji: namba kifuani, fulana yenye jina la shirika, picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hata hajapata pumzi. Kama siri ndiyo ubora, huyu ameukosa wote.

Hata hivyo, tuulize siri ile inamlinda nani. Inamlinda mtoaji dhidi ya majivuno, ndiyo, lakini inamlinda zaidi mpokeaji dhidi ya fedheha. Maskini ana uso, ana majirani, ana watoto wanaosikia yanayosemwa. Mnyama haoni haya kusaidiwa. Shida yake ni kinyume kabisa: hakuna anayejua habari zake. Binadamu mwenye dhiki anaweza kubisha hodi, anaweza kukaa mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, anaweza kumtuma mtoto kwa shangazi. Tembo aliyekatwa na waya mguuni huenda ndani ya kichaka, na huko hufa bila kumsumbua mtu. Lazima awepo wa kuomba kwa niaba yake. Na kuomba kuna gharama yake, kila aliyewahi kupitisha daftari la mchango anaijua. Anayejiombea mwenyewe huja na dhiki yake, nayo inamtetea. Anayemwombea mnyama hana dhiki ya kuonyesha. Amekula, amevaa, ana simu mkononi. Akisema tu, atasikilizwa kwa adabu na kusahaulika. Kwa hiyo anaweka mwili wake rehani. Anasema: nipo tayari kuumia kidogo mbele yenu, ili mjue kwamba ninayemsemea si hadithi. Hapo ndipo ninapoliona jasho likipata maana. Halimlipi mnyama chochote, bali linakaa mahali pa ombi ambalo yeye hakuweza kulitoa.

Mwili haukuchaguliwa kwa bahati. Waislamu wanaikumbuka hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani, akanywa. Alipopanda juu alimkuta mbwa anahema na kula tope kwa kiu. Akaiona kiu ya mbwa kuwa ndiyo ile iliyokuwa yake muda mfupi uliopita, akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno ili apande, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kinachonigusa kila ninapoisikia ni mfuatano wa mambo. Hakumjua mbwa kwa kufundishwa. Alimjua kwa koo lake mwenyewe lililokauka. Mwanafalsafa Jeremy Bentham alipoandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1789 kwamba kinachohitaji kuulizwa juu ya wanyama si kama wanafikiri au wanasema bali kama wanaumia, alikuwa anaufikia kwa hoja ukweli ambao yule mtu wa kisimani aliufikia kwa kiu.

Lakini miguu ya mkimbiaji ina historia nyingine pia. Mwaka 2004 wanasayansi Dennis Bramble na Daniel Lieberman walitoa hoja, katika jarida la Nature, kwamba mwili wa binadamu umeumbika kwa ajili ya mbio ndefu: kano ndefu za miguuni, misuli ya makalio, ngozi isiyo na manyoya inayotoa jasho kila mahali. Wapo wanaosema umbo hilo lilitufaa kwa kuwinda. Wawindaji wa Kisani katika Kalahari wameonekana wakimfukuza mnyama aina ya kudu mchana wa jua kali kwa saa kadhaa, bila kumpa nafasi ya kupumzika. Kudu hupoza mwili kwa kuhema, na hawezi kuhema vizuri huku akitimua mbio. Binadamu anatoka jasho na kuendelea. Mwishoni mnyama husimama, ameshindwa na joto la mwili wake. Si wanasayansi wote wanaokubali kwamba uwindaji huo ndio uliotuumba hivi. Ikiwa ni kweli, basi jasho la marathoni ni silaha ya zamani sana, na anayekimbia leo kwa ajili ya wanyama anaitumia upande wa pili. Wazo hilo linanipa heshima na hofu kwa pamoja.

Hofu, kwa sababu mkimbiaji asidhani ameionja hali ya kudu. Kwenye kilomita ya 35, miguu ikiwa migumu na kichwa kimeanza kuwa chepesi, ni rahisi kujiambia kwamba sasa unajua mateso ya kiumbe asiye na msaada. Hujui. Unaweza kusimama wakati wowote ukapewa maji, na mwisho wa njia unajua uko wapi. Mnyama aliyenaswa hajui kama kuna mwisho. Uchungu wa kujitakia na ule wa kushikwa nao hufanana mwilini tu. Na kuna kosa jingine linalotoka kwa mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyefundisha kwamba tuwatendee wanyama wema kwa sababu anayezoea kuwakatili atakuja kuwakatili watu. Ukimfuata Kant, mbio za hisani zinakuwa zoezi la kulainisha moyo wa mkimbiaji, na kifaru anakuwa chombo cha mazoezi. Sikubali. Ndama mwenye jeraha anahitaji lipone, hata kama anayelitibu atabaki na moyo wake uleule.

Tena neno hisani lenyewe linatupendelea mno. Nikichimba shimo njiani ukatumbukia, nikikuvuta juu sijakufadhili. Wengi wa wanyama wanaookolewa wametumbukia kwenye mashimo yetu: waya za mitego, risasi za majangili, malisho yaliyogeuka mashamba. Soko la pembe ni la watu, na waliowapunguza vifaru kutoka 20,000 ni watu. Mkimbiaji anachangisha sehemu ya deni. Anayemwambia kwamba watoto wenye njaa watangulie ana haki ya kusema hivyo, lakini Lewa wenyewe hupeleka sehemu ya mapato ya mbio kwenye shule, zahanati na maji ya majirani, kwa sababu wanajua kifaru hadumu penye jirani aliyekata tamaa.

Pesa hizo, zikifika, huwa kazi ya mtu mwingine, na ya muda mrefu. Katika kituo cha shirika la Sheldrick cha kulea ndama yatima wa tembo, kilicho ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kazi hiyo unaweza kuiona kwa macho. Daphne Sheldrick alianzisha shirika hilo mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe David, aliyekuwa mkuu wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Ilimchukua miaka mingi kupata maziwa yanayomfaa ndama mchanga wa tembo, kwa kuwa mafuta ya maziwa ya ng'ombe yalimdhuru. Mafuta ya nazi yakawa sehemu ya ufumbuzi. Saa ya kulisha, ndama hushuka mbio kwa mstari, wakiwa na mablanketi yaliyofungwa mgongoni, na walezi wenye makoti ya kijani husimama na chupa kubwa. Ndama anayesita hutundikiwa blanketi, aegemeze mkonga wake pale kama angeuegemeza ubavuni mwa mama, ndipo anyonye. Usiku mlezi hulala chumba kimoja na ndama, na kila baada ya saa tatu huamka kutengeneza chupa. Walezi hubadilishana zamu, maana ndama akimzoea mtu mmoja tu, siku mtu huyo asipokuwepo anaweza kufa kwa huzuni. Sheldrick alijifunza hilo kwa kumpoteza ndama mmoja kwa namna hiyo. Hakuna anayewashangilia walezi hao saa tisa usiku.

Ndiyo maana sifa zinazomwangukia mkimbiaji zinanitia wasiwasi. Tunasema asante ya punda ni mateke, na tunaisema kwa kulaumu. Punda hakuahidi shukrani. Kwa kuwa mnyama hashukuru, shukrani zote za watu hubaki kwa aliyekimbia, na yeye asipoangalia atazichukua kama mali yake. Tenda wema nenda zako ni methali nzuri kwa anayemsaidia mtu mzima mwenye akili timamu. Kwa anayeomba kwa niaba ya asiyeweza kusema, haitoshi. Huyo haruhusiwi kwenda zake.

Sababu ni hii. Wachangiaji walimpa pesa kwa kumwamini yeye, na mwenye haki na pesa hizo hawezi kusoma hesabu. Hali hiyo tunaijua vizuri. Ni ya mwenye kushika mali ya yatima, ambaye dini na mila zetu zimemwekea masharti makali kuliko mfanyabiashara yeyote. Kwa hiyo medali ikishatundikwa ukutani kazi ya mkimbiaji iko nusu. Aliandikie shirika aulize ni kiasi gani kilinunua maziwa na dawa, kiasi gani kililipa mishahara ya walezi, na kiasi gani kiliishia kwenye fulana na mabango. Aulize pia wangapi walikufa, maana ndama wengi wanaookolewa hawaponi. Akishajibiwa, awapelekee majibu hayo wote waliomchangia, mmoja mmoja, pamoja na yale yasiyopendeza.