Mwanangu, Usianze na Dakika

Mwanangu, iko siku utakuwa na watoto wadogo pale Forodhani, Zanzibar, na mmoja atakuuliza: ni kweli hapa palipigwa mizinga? Utakuwa na haraka. Jua kali, watoto wanataka urojo, gari linasubiri. Utamjibu upesi kwamba ndiyo, vilikuwa vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38 tu. Kisha mtaendelea na safari yenu.

Nakuomba usimjibu hivyo.

Mimi nilijibu hivyo darasani kwa miaka. Niliandika dakika 38 ubaoni, nikapigia mstari. Watoto walifurahi mno. Wakati wa mapumziko niliwaona uwanjani wakicheza vita vile. Wengine walikuwa meli, wengine jumba la Sultani. Mvulana mmoja alihesabu kwa sauti, na alipofika 38 wote waliokuwa jumbani wakajiangusha mchangani kwa vicheko. Hawakuwa na kosa. Walicheza kile nilichowafundisha. Niliwapa rekodi, sikuwapa watu.

Basi anza na watu, mwanangu. Waambie kwamba mwaka 1896 mji huu ulikuwa makao makuu ya Sultani, na majumba yake yalipangana ufukweni palepale mnaposimama. Tarehe 25 Agosti Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid bin Barghash, mtoto wa ami yake, akaingia jumbani na kujitangaza Sultani. Uingereza, iliyoiweka Zanzibar chini ya himaya yake tangu 1890, haikumtaka. Ilimtaka Hamoud bin Mohammed. Khalid akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera na kutoka. Hakutoka. Meli tano za kivita zilikuwa zimetia nanga mbele ya majumba. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza kulia.

Hapo ndipo usimame. Usikimbilie mwisho. Waulize watoto: ndani ya majumba yale mlikuwa na nani? Watasema askari. Ni kweli, askari walikuwemo. Lakini wengi hawakuwa askari. Walikuwemo watumishi wa nyumba. Walikuwemo watumwa. Walijikinga nyuma ya makasha na marobota, na sehemu kubwa ya majumba ilikuwa mbao. Watu kama 500 waliuawa au walijeruhiwa. Upande wa meli, baharia mmoja ndiye aliyeumia vibaya.

Safari moja msichana mdogo aliniuliza, baada ya kimya kirefu: na wale watumwa, walitaka kupigana? Nilikuwa na majibu ya Khalid na ya Waingereza. La watumwa sikuwa nalo, kwa kuwa sikuwahi kulifikiria. Nilimwambia kwamba mtumwa hakuulizwa anataka nini. Akasema, basi wao wameonewa mara mbili. Tangu siku ile sijaifundisha habari hii bila wao. Nawe usiwaache. Usiufanye mji wa zamani kuwa mzuri kuliko ulivyokuwa ili wageni waonekane wabaya zaidi. Utumwa ulikuwepo humu, na ni mwaka uliofuata, 1897, ndipo Sultani Hamoud alipotia saini amri ya kuuondoa kisheria.

Sasa nikuambie kosa langu la pili, maana nilipoona ubaya wa kuwachekesha, nikaenda upande wa pili. Niliwasimulia moto. Niliwasimulia maiti. Nilidhani ukweli ni kusema kila kitu. Mama mmoja wa Malindi akaja jioni kuniambia mwanawe halali. Kila honi ya boti inapolia bandarini, mtoto anajificha uvunguni. Ana miaka saba. Nilikwenda kwao, nikakaa naye barazani mpaka boti ikapiga honi, nikamwonyesha abiria wakishuka na mizigo yao. Hofu ile haikutoka kwa siku moja.

Mtoto mdogo humpi samaki na miba yake, na samaki humnyimi. Unamtolea miba kwa vidole vyako, polepole, ale. Mwambie watu walikufa, na kwamba waliobaki walihuzunika. Hayo anayaweza. Namna walivyokufa aingoje akue.

Na mpe kitu cha kushika. Mweleze meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow. Iliirushia mizinga meli kubwa kuliko yenyewe, ikapigwa, ikazama palepale bandarini. Mabaharia wake walisalimu amri, na Waingereza walewale waliowapiga wakaenda na mashua kuwaokoa. Watoto hustaajabu sana hapo. Waache wastaajabu. Usiwaharakishie funzo. Nimeona mtoto akirudi na swali lake baada ya wiki tatu, wakati sote tumeshafika mada nyingine. Rudi naye. Muhtasari utangoja.

Watakuuliza pia nani alikuwa mbaya. Wape ukweli wote. Waambie kwamba hata upande wa Waingereza walisimama mamia ya askari wa Kizanzibari. Waambie kwamba katika vurugu zile waporaji waliingia mitaa ya Wahindi, na watu wasiohusika na kiti cha Sultani wakafa. Waambie Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na kwamba Waingereza walikuja kumkamata mwaka 1916 na kumpeleka uhamishoni. Alifia Mombasa mwaka 1927. Na waambie wazi, bila kumung'unya, kwamba nchi ya mbali kujipa haki ya kuwachagulia watu mtawala kwa mizinga ni dhuluma. Mtoto akijua dhuluma ni nini, hana haja ya kufundishwa chuki.

Jambo moja zaidi. Watoto wa sasa wakisikia jumba la Beit al-Ajaib lilibomoka, wanadhani ni ile mizinga. Wasahihishe. Mwaka 1896 jumba hilo lilinusurika, ingawa majumba jirani yaliharibika vibaya mno. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakafariki. Usiache vita vibebe lawama isiyo yake. Mwalimu anayekuwa mwaminifu katika dogo ataaminiwa katika kubwa.

Mwanangu, nimefundisha mpaka nimestaafu, na wanafunzi wangu wengine sasa ni babu. Nikikutana nao Darajani, wale wa mwanzo bado wananitajia dakika 38. Hilo ndilo lililobaki kwao, na nililipanda mimi. Wewe una nafasi ya kupanda jingine. Dakika zitaje mwishoni, wakishawajua waliokuwemo jumbani. Ukiona watoto hawacheki tena, wanauliza, ujue umewafundisha.