Haki ya Kubishiwa Hodi

Safari ni mojawapo ya walimu wa kale wa mwanadamu. Aketiye mahali pamoja siku zote hudhani kuwa desturi ya kwao ndiyo desturi ya dunia nzima. Lakini safari ina adabu zake, na asiyezijua aweza kuizunguka dunia yote akarudi kwao na picha nyingi na maarifa machache. Katika insha hii nataka tulipime pamoja, msomaji, swali moja: Je, yafaa mtu aende kuyatazama maisha ya wenzake maskini kuwa sehemu ya starehe ya likizo yake?

Swali hili laanza na majira ya mwaka. Kuanzia Desemba hadi Februari nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini hushikwa na baridi kali, na wenye uwezo huikimbia. Wakanada wengi huelekea visiwa vya Karibi: hukaa siku chache katika mji wa Havana, kisha huenda kupumzika ufukweni Varadero. Wengi wa Ulaya huja kwetu, wakati kaskazi ivumapo na jua la pwani likawa kali. Safari yao pia aghalabu ni ya sehemu mbili, mji kwanza na bahari baadaye. Hukaa siku mbili tatu Nairobi wakatazama simba katika Mbuga ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1946. Kisha hupanda treni iliyoanza kazi mwaka 2017, ikawafikisha Mombasa kwa saa tano au sita, wakaenda Diani kulala kando ya mchanga mweupe.

Katika hayo hapana lawama. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima astahili pumziko, na fedha za mgeni huwalisha wapishi, madereva, wavuvi na wachongaji. Lakini katika zile siku za mjini, baadhi ya wageni hao hupelekwa Kibera kwa malipo, ili wauone umaskini kwa macho yao. Asubuhi hutazama simba, na alasiri hutazama watu. Hapo ndipo penye swali letu.

Jambo hili si geni duniani. Katika miaka ya 1880 matajiri wa London walikuwa na mtindo wa kwenda mitaa ya East End kuwatazama maskini wa mji wao wenyewe, kisha wakarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Baadhi yao waliguswa mioyo wakafanya mema. Wengine walipata hadithi tu ya kusimulia mezani. Basi tusidhani kuwa kosa hili, kama ni kosa, ni la taifa moja au la rangi moja. Ni jaribu la kila mwenye nacho mbele ya asiye nacho.

Na Kibera ni nini? Jina lake latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari Wanubi waliolitumikia jeshi la Waingereza waliruhusiwa kukaa hapo, lakini hawakupewa hati za ardhi. Vizazi vilipita hata mwaka 2017, jamii yao ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Waliowafuata kutoka kila pembe ya Kenya wengi wao ni wapangaji. Reli ya kwenda Kisumu yapita hapo, na kando yake wako wauza mitumba, mafundi viatu na wakaanga samaki. Ziko shule, misikiti na makanisa. Kwa muda mrefu ilitangazwa duniani kote kuwa Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu kiasi cha watu 170,000. Tazama jinsi jicho lipitalo upesi liwezavyo kukosea! Liliona mabati mengi likayageuza kuwa umati, wala halikumwona mtu mmoja mmoja.

Mwaka 2010 Kennedy Odede, aliyekulia Kibera, aliandika juu ya jambo hili katika gazeti la The New York Times. Alieleza kuwa alipokuwa kijana wa miaka 16, akiosha vyombo nje ya nyumba yao, mwanamke Mzungu alimpiga picha akaenda zake kabla hajatamka neno. Alijiona kama mnyama wa porini aliyefungiwa tunduni. Msomaji, yafikiri maneno hayo. Kijana huyo hakupigwa wala hakutukanwa, wala hakuibiwa kitu cha kushikika. Basi alinyimwa nini?

Naona alinyimwa hodi. Kwetu mtu hawi mgeni mpaka abishe hodi akajibiwa karibu. Watu wa pwani hubisha mara tatu, na wasipojibiwa huondoka bila kinyongo. Neno hodi ni fupi, lakini limebeba maana kubwa: lakiri kwamba ndani yumo mtu, kwamba mtu huyo ndiye mwenye mahali, na kwamba anaweza kukataa. Baada ya kukaribishwa, mgeni naye huulizwa habari za atokako, za safari na za watoto. Hivyo kila mmoja humwona mwenzake. Atazamaye bila kubisha hodi huona bila kuonekana, na huuliza bila kuulizwa.

Nairobi yatupa mfano ulio wazi. Ukitaka kuingia nyumba ya Lavington, utasimama langoni, utamtajia askari jina lako na la unayemtembelea, na pengine utaandikwa katika daftari. Ukitembea mwendo mfupi ukafika Kawangware, utakuta chumba ambacho mlango wake wafunguka moja kwa moja njiani. Kizingiti ndicho jiko, na uchochoro ndio ua wa kufulia. Apitaye hapo amekwisha kuingia nyumbani kwa watu, ajue asijue. Tajiri hununua hodi yake kwa ukuta na lango. Maskini hana cha kumkinga ila adabu ya apitaye. Kwa hiyo, penye ukuta mwembamba hodi yapaswa kuwa na sauti kubwa zaidi.

Wako watakaonipinga. Watasema kuwa umaskini uliofichwa husahauliwa, na kwamba ni heri mgeni auone kuliko apite juu yake kwa ndege. Tena watasema kuwa vijana wa Kibera wenyewe ndio waongozao baadhi ya matembezi hayo, na ujira wao ni wa halali. Hoja hizi zina uzito, wala sizidharau. Kujua ni bora kuliko kutojua, na kijana atafutaye riziki yake kwa kueleza habari za mtaa wake hastahili kuaibishwa. Lakini kiongozi mmoja hawezi kutoa ruhusa kwa niaba ya mama aliyeketi mlangoni pake akimnyonyesha mtoto. Malipo ya kiongozi hununua wakati wa kiongozi; hayanunui uso wa jirani yake.

Kwamba yawezekana kufanya vema, ushahidi uko huko huko waendako wageni hao. Karibu na hoteli za Diani upo msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni hukaribishwa humo kwa masharti ya wenyewe: hujifunga kitambaa cheusi, humfuata kiongozi mwenyeji, wala hatoki na kitu cha msituni. Hakuna mgeni aonaye kuwa amedhulumiwa kwa masharti hayo. Bali huingia kwa heshima, na kwa sababu hiyo huelewa zaidi. Ikiwa miti yabishiwa hodi, je, mwanadamu?

Yafaa pia tukumbuke kuwa njia ya kuzuru mara nyingi ina upande mmoja. Huko Cuba, mpaka mwaka 2008, wenyeji walikatazwa kulala katika hoteli za watalii. Mtu aliweza kutandika kitanda cha Varadero, lakini si kukilalia. Kwetu hakuna amri kama hiyo, na Katiba ya mwaka 2010 yasema kuwa ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Lakini kwa mama wa Kawangware afuaye nguo za watu kwa ujira, bei ya usiku mmoja katika hoteli ya Diani ni amri tosha. Hataweza kurudisha ziara. Azuruye asiyeweza kumzuru hana budi kuzidisha unyenyekevu.

Sasa nakugeukia wewe, mwanafunzi. Usiseme kuwa haya ni mambo ya watalii. Kila Desemba vikundi vya vijana huenda Kibera na Kawangware na mifuko ya unga na sukari, na simu mikononi. Mtoto husimamishwa, huambiwa atabasamu, na picha yake husambazwa kabla unga haujasongwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto. Lakini mwenye adabu hangojei sheria imfundishe. Kabla ya kuinua simu, jiulize: Nimeomba ruhusa? Aliyeombwa aliweza kukataa bila kuukosa unga? Ningekubali mama yangu apigwe picha hivi?

Na wewe usomaye kwa taa ndogo huko Gatwekera au Laini Saba, ujue kuwa unyonge wa mlango wako haukupunguzii haki yako. Abishaye hodi mkaribishe, umweleze kweli, nawe umwulize habari za kwao. Asiyebisha, mwambie kwa upole kuwa hapa ni nyumbani kwa watu.