Mkono Ulipotangulia Macho

Huku kwetu Kihurio, mazao yakianza kukomaa hatulali usingizi mzito. Tembo wakitoka Hifadhi ya Mkomazi huingia mashambani, nasi hukesha na tochi, madebe na mapanga. Usiku mmoja nilisikia mabua ya mahindi yakivunjika hatua chache nyuma yangu. Nikainua panga kabla sijageuza tochi. Alikuwa mtoto wa kaka yangu, ameniletea chai. Alisimama pale na birika mkononi, mfuniko wake ukigongagonga kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka. Mpaka leo nikiusikia mfuniko wa birika hujiuliza: ingekuwa bastola je?

Nauliza kwa sababu siku hizi nawasikia wafanyabiashara na wafugaji wetu wakizungumzia kuomba kibali cha bastola ya kujilinda. Siwalaumu. Mtu anayesafiri na fedha za mnada ana haki ya kuogopa. Ila kabla hawajafika polisi kujaza fomu, naomba wasikilize kisa hiki cha jirani zetu wa Kenya.

Tarehe 19 Aprili 2005, askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya waliingia katika shamba la Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita. Walikuwa wamevaa kiraia, wakichunguza biashara haramu ya nyamapori. Walikuta nyati akichunwa, wakawakamata wafanyakazi. Habari zilizomfikia Thomas Cholmondeley, mrithi wa ukoo wa Delamere wenye shamba hilo, zilikuwa nyingine: majambazi wamevamia. Akaja na bastola. Askari mmoja, Samson ole Sisina, alipigwa risasi akafa.

Cholmondeley alisema alidhani anapambana na majambazi. Tusikimbilie kumwona mtu wa ajabu kwa maneno hayo. Ujambazi katika mashamba ya Naivasha na Gilgil ulikuwepo kweli miaka hiyo, na watu walikuwa wameuawa. Hofu yake ilikuwa na msingi, na hapo ndipo hatari ilipo. Hofu yenye msingi haituhimizi tuulize swali la pili. Neno "majambazi" lilikuwa limeshamfikia masikioni kabla macho yake hayajawaona watu wenyewe. Mimi nami, usiku ule shambani, nilikuwa nimeshaamua kwamba nyuma yangu kuna hatari. Panga lilitii uamuzi huo.

Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, aliondoa shtaka la mauaji, na Cholmondeley akarudi nyumbani. Wananchi, Wamaasai hasa, waliandamana kwa hasira. Mimi sibishani hapa na uamuzi ule wa kisheria. Nasema tu kwamba kosa la kumdhania mtu lilikuwa limeshagharimu uhai mmoja, na onyo kubwa kuliko hilo halipo. Mtu aliyepitia jambo kama hilo anahitaji kuiweka silaha mbali, akae na watu wazima wamuulize: uliona nini, ulisikia nini, ulisubiri muda gani? Tunapofutiwa kesi huwa tunadhani tumefutiwa na kosa.

Mwaka mmoja na wiki tatu baada ya kifo cha Sisina, tarehe 10 Mei 2006, Cholmondeley alikuwa akitembea katika shamba lilelile na rafiki yake, safari hii akiwa na bunduki. Walikutana na watu wenye mbwa, wamebeba swala. Alisema aliwafyatulia mbwa. Risasi ilimpata Robert Njoya, fundi wa mawe, akavuja damu hadi kufa. Mei 2009 Jaji Muga Apondi alimtia Cholmondeley hatiani kwa kuua bila kukusudia, akampa kifungo cha miezi 8 baada ya takriban miaka 3 ya mahabusu. Wengi waliona adhabu ile ni ndogo mno, nami ni mmoja wao.

Kisa hicho kinatuleta kwenye mazoezi ya kutumia silaha. Wengi wetu tukisikia mafunzo ya bastola tunafikiria shabaha: ubao umesimama, jua linawaka, mkufunzi yuko pembeni, mikono imetulia. Usiku wa hatari haufanani na hapo. Moyo unakwenda mbio, vidole vinakuwa vizito, macho yanakazia kitu kimoja na kuacha vya pembeni, na masikio yanaweza kukosa hata sauti ya mtu anayeita jina lako. Mwaka 1983 askari polisi wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia mita 6.4 kwa sekunde moja na nusu hivi. Wengi waliosoma hesabu hiyo walijifunza kuchomoa haraka. Mimi naona inatufundisha kukaa mbali, kufunga mlango na kujikinga mapema, ili tupate sekunde za kutambua aliye mbele yetu. Anayejizoeza kufyatua tu, mkono wake ukibanwa na hofu utafanya hilo tu.

Kanuni ya Adhabu yetu inatambua haki ya kujilinda, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Anayepima hatari hiyo baadaye ni hakimu, mchana, akiwa ametulia.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayengoja kibali, anza mazoezi leo, huna haja ya risasi. Usiku taa zikizimwa, mwombe mtu wa nyumbani agonge mlango bila kukuambia saa. Kaa mbali na mlango, mikono mitupu, kisha uliza kwa sauti: "Nani?" Usikie jibu. Washa tochi, uone uso na mikono yake. Rudia mwezi mzima, mpaka swali hilo litoke lenyewe hata ukiwa umeshtuka. Lisipotoka, usiichukue hiyo bastola.